Mdahalo, baraza au kisa: njia ipi ya kujadili maadili ya sayansi na wanafunzi?

Mada ya "Sayansi na teknolojia ina faida kuliko hasara" imezeekea kwenye mbao za matangazo za shule zetu. Kila muhula inarudi, na kila ikirudi husemwa yaleyale. Upande mmoja unataja simu na chanjo, upande wa pili unataja mabomu na picha chafu, makofi yanapigwa, kengele inalia. Hakuna aliyetakiwa kuamua jambo lolote. Tatizo si wanafunzi. Mdahalo umepewa kazi usiyoiweza, na kuna njia nyingine mbili zinazoiweza: baraza la igizo na mjadala wa kisa.

Hapa njia hizo tatu zinawekwa ubavu kwa ubavu kwa ajili ya mwalimu au kiongozi wa klabu ya sayansi mwenye darasa la watu 60 na vipindi vya dakika 40. Ili ulinganisho uwe wa haki, zote zimepewa mada moja: zebaki kwenye uchimbaji mdogo wa dhahabu. Mada hii ina kemia iliyomo kwenye muhtasari, ina watu tunaowajua, ina sheria, na ina historia ya kiwanda kilichonyamaza.

Kwanza zebaki yenyewe, kwa sababu mjadala wa maadili usio na sayansi sahihi ni porojo. Mchenjuaji mdogo wa Geita, Chunya au Migori anasaga mawe kwenye karasha, anaosha unga wake, kisha anachanganya na zebaki. Zebaki inashika chembe za dhahabu. Anakamua kwenye kitambaa, anabaki na donge la rangi ya fedha ambalo takriban nusu ya uzito wake ni zebaki. Donge hilo linawekwa motoni. Zebaki inachemka kwenye nyuzijoto 357 za Selsiasi, inageuka mvuke, dhahabu inabaki. Mvuke ule hauonekani wala haunuki, na anayeuvuta anaumia mishipa ya fahamu na figo. Hiyo ni hatari ya kwanza. Ya pili inakuja polepole: zebaki iliyobaki kwenye marudio, yaani mabaki ya unga uliokwisha kuchenjuliwa, inaingia mtoni, bakteria wanaigeuza kuwa zebaki ya methili, na hiyo ndiyo inayojilimbikiza kwenye samaki, mdogo akiliwa na mkubwa, hadi kwenye sahani ya mtu.

Wanafunzi huzichanganya hatari hizi mbili karibu kila mara. Utasikia "kuvuta moshi wa dhahabu kunaleta ugonjwa wa Minamata." Si kweli. Waliougua Minamata, Japani, walikula samaki na kombe wenye zebaki ya methili. Tofauti hii inabadilisha hata suala la wajibu: kwenye mvuke, mwathirika wa kwanza ni mchomaji mwenyewe na waliomzunguka, kwenye samaki, ni mtu wa mbali ambaye hajawahi kuiona dhahabu yenyewe.

Mambo mawili zaidi yawe ubaoni kabla ya njia yoyote. Tathmini ya zebaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba wachimbaji wadogo wa dhahabu ndio chanzo cha takriban asilimia 38 ya zebaki yote ambayo shughuli za binadamu ziliiingiza hewani mwaka 2015. Hakuna chanzo kilichowazidi. Na Mkataba wa Minamata, uliotiwa saini 2013, ukaanza kufanya kazi Agosti 2017 na kuridhiwa na Tanzania 2020, haukuwapiga wachimbaji wadogo marufuku ya moja kwa moja. Unazitaka nchi zipunguze matumizi, zikomeshe pale inapowezekana, na zichukue hatua za kuondoa tabia nne mbaya kuliko zote: kuchanganya zebaki na mawe yote yaliyosagwa badala ya unga ulioshaoshwa, kuchoma donge hadharani, kuchoma kwenye makazi ya watu, na kuyachenjua kwa sainaidi marudio yenye zebaki kabla ya kuitoa zebaki hiyo. Mwanafunzi asiyejua hili atasimama na kusema "dunia imeshakataza", na mjadala utakuwa umekufa kwa taarifa ya uongo.

Mdahalo

Kila mtu anaujua: mwenyekiti, katibu, mtunza muda, waungaji mkono, wapingaji. Ndiyo nguvu yake. Hauhitaji kufundishwa, na mwanafunzi mwoga akishasema "Mheshimiwa Mwenyekiti" anapata pa kuanzia. Kwenye dakika 40 hesabu yake huwa hivi: dakika 4 za ufunguzi na kura ya kwanza, wazungumzaji watatu kila upande kwa dakika 3 kila mmoja (18), watu wanane kutoka ukumbini dakika moja moja, majumuisho dakika 2 kila upande, kura ya pili na matokeo dakika 4. Jumla 38. Kwa darasa la 60, waliosema ni 14. Wengine 46 walipiga makofi.

Kinachouharibu ni mada. "Zebaki ni mbaya" si mada, kwani nani atapinga? "Teknolojia imeharibu mazingira" ni pana mno. Mada ya mdahalo lazima iwe hatua moja ambayo mamlaka fulani inaweza kuichukua kesho, na ambayo watu wenye akili timamu wanagombana juu yake: "Serikali ikomeshe uuzaji wa zebaki kwa wachimbaji wadogo ndani ya miaka miwili." Hapo kuna pande mbili za kweli. Anayepinga ana la kusema: biashara itakwenda kwa magendo, bei itapanda, mchenjuaji atajificha kuchomea jikoni, ambako ni pabaya kuliko mwaloni, pale wanapooshea na kuchenjulia.

Ubovu wa pili ni takwimu za kubuni. Mzungumzaji anayetaka kushinda atatunga asilimia papo hapo, na ukumbi utamshangilia. Dawa yake ni karatasi moja ya ukweli, mistari kumi hivi, wanayopewa pande zote mbili siku tatu kabla. Takwimu isiyo kwenye karatasi haisemwi, au msemaji aseme ameipata wapi, na mtunza muda ana haki ya kugonga meza. Ubovu wa tatu ni kura ya urafiki. Piga kura ya siri kabla na baada, kwa vipande vya karatasi, na mshindi awe upande uliowahamisha watu wengi, si wenye kura nyingi. Kama 40 walianza wakiunga mkono na wakamaliza 33, waungaji mkono wameshindwa hata kama 33 ni wengi.

Ubovu wa nne hauna dawa. Mdahalo unamfundisha mtu kutokubali hoja ya mwenzake. Kwenye maadili ya sayansi, ujuzi unaotafutwa mara nyingi ni kinyume chake: kusema "hapo umenishika, nabadilisha." Ukiutumia mdahalo, utumie ukijua hilo.

Baraza la igizo

Hapa darasa linageuka mkutano wa kijiji wenye uamuzi wa kufanya. Mfano unaofanya kazi: mwalo uko mita chache kutoka nyumba za watu, na kamati inatakiwa kuchagua kati ya kuuhamisha, kuulazimisha utumie retoti, au kuuacha kwa masharti. Retoti ni chombo kilichofungwa cha kuchomea donge. Mvuke unapita kwenye bomba, unapoa, zebaki inarudi kuwa kimiminika na kutumika tena.

Makundi saba ya watu saba: wachenjuaji, wenye karasha, mama lishe na wakazi wa jirani, wavuvi wa mto wa chini, wahudumu wa zahanati, maafisa madini, na wanunuzi wa dhahabu. Jopo la watu saba linaongozwa na mtendaji wa kijiji. Wanne waliobaki ni waandishi wa habari, na kazi yao si mapambo: mwishoni wanasoma vichwa vya habari viwili vinavyopingana kuhusu uamuzi uleule.

Baraza linahitaji vipindi viwili mfululizo. Dakika 10 za kusoma kadi, 15 za kila kundi kujipanga, 28 za ushahidi (kila kundi dakika 2 za kusema na 2 za kuulizwa), 12 za mashauriano, 8 za jopo kusoma uamuzi na sababu zake, 7 za kuvua uhusika. Zile 12 za mashauriano usizikate hata kengele ikikufukuza. Jopo linapojitenga, makundi mengine yanaruhusiwa kutembeleana na kupatana. Mchenjuaji anamfuata mnunuzi: "Wewe ndiye unayenikata bei dhahabu ikitoka na weusi. Ukiacha kunikata, mimi natumia retoti." Mjadala wa wajibu unaanzia hapo hasa, pale mtu anapogundua kwamba kosa analolaumiwa lina mkono wa mwingine.

Ubora wa baraza uko kwenye kadi. Kadi mbaya inasema: "Wewe ni mchenjuaji. Unapinga retoti kwa sababu unapenda pesa." Kadi nzuri inabeba sababu za kweli, ambazo wachenjuaji wenyewe huzitoa mahali pengi: retoti inachukua muda mrefu zaidi, ndani hauoni dhahabu yako inafanya nini, unahofia nyingine imebaki ndani au imechezewa, na retoti ya chuma inaweza kuiachia dhahabu rangi inayoshusha bei. Kila kadi iwe na vitu vitatu tu: unataka nini, unaogopa nini, na jambo moja unalolijua ambalo wengine hawalijui. Mhudumu wa zahanati, kwa mfano, anajua kwamba zebaki inavuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni. Asipoulizwa, halisemi. Jopo lisilouliza maswali mazuri litaamua bila kulijua hilo, na mwishoni watajua walichokikosa.

Baraza huharibika kwa vichekesho. Atakayeigiza mzee wa kijiji ataanza kukohoa na kuchechemea, darasa litaanguka kwa kicheko, na dakika kumi zimekwenda. Kanuni moja inatosha: hakuna kuigiza sauti, lafudhi wala mwendo, mnaigiza masilahi. La pili, wanafunzi hodari hukimbilia uafisa na uhudumu wa afya, na uchenjuaji wanaachiwa wanyonge, ndipo wachenjuaji wa darasani wanaonekana wajinga. Gawa kwa kura ya karatasi.

La tatu ni zito, hasa kwa shule zilizo jirani na machimbo. Darasani wapo ambao ada yao imelipwa na donge lililochomwa nyumbani. Usimpe mtoto huyo kadi ya mchenjuaji ajitetee mbele ya wenzake, wala usimwulize "kwenu mnafanyaje?" Hamishia kijiji mkoa mwingine, kipe jina la kubuni, na zile dakika 7 za kuvua uhusika zifanyike kwa sauti: kila mmoja anarudisha kadi na kusema jambo moja ambalo yeye mwenyewe, si mhusika, analiamini.

Kisa

Hii ndiyo njia isiyo na mbwembwe, na kwa maoni yetu ndiyo inayofaa mara nyingi zaidi. Karatasi moja, vikundi vya watano watano (kwa darasa la 60 ni vikundi 12), kipindi kimoja. Karatasi inakunjwa mara nne na inafunguliwa sehemu kwa sehemu, dakika 7 kila moja, kila sehemu ikiishia kwenye swali. Dakika 3 za mwanzo ni za maelekezo, 9 za mwisho ni za darasa zima.

Kisa cha zebaki kinachofaa kuliko vyote ni cha daktari Hosokawa Hajime, mkuu wa hospitali ya kiwanda cha Chisso kule Minamata.

Sehemu ya kwanza. Paka wa mjini wanayumba kama walevi na kuanguka baharini, na watoto wanashindwa kutembea na kusema. Tarehe 1 Mei 1956 hospitali ya kiwanda inatoa taarifa kwa ofisi ya afya kuhusu ugonjwa wa fahamu usiojulikana. Swali: utaripoti nini wakati chanzo hukijui?

Sehemu ya pili. Julai 1959 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto wanasema wanashuku zebaki. Hosokawa anawalisha paka chakula kilichochanganywa na majitaka ya kiwanda, yanayotoka kwenye sehemu ya kutengenezea kemikali iitwayo asetaldehidi, ambako zebaki hutumika kama kichocheo. Oktoba, paka nambari 400 anaonyesha dalili zilezile. Swali: paka mmoja ni ushahidi wa kutosha? Acha swali hili liwachome. Wanafunzi wa sayansi watasema sampuli moja haitoshi, na wana haki. Sasa waulize: haitoshi kwa nini, kuchapisha kwenye jarida, au kuonya watu wasile samaki? Viwango viwili tofauti vya ushahidi, na tofauti hiyo ndiyo uti wa mgongo wa somo zima.

Sehemu ya tatu. Uongozi unasimamisha majaribio ya aina hiyo, matokeo hayatangazwi. Desemba 1959 kiwanda kinazindua mtambo wa kusafisha majitaka, ambao haukuundwa kuondoa zebaki ya aina ile, na kinawapa wagonjwa "fedha za pole" kwa mkataba wenye kipengele kwamba hawatadai zaidi hata ikija kuthibitika kwamba chanzo ni kiwanda. Swali: wewe ni mwajiriwa, andika hatua tatu kwa mpangilio, na kila hatua utakachopoteza.

Sehemu ya nne. Mwaka 1965 ugonjwa uleule unazuka Niigata, kwenye mto unaopokea majitaka ya kiwanda cha kampuni nyingine kinachotengeneza bidhaa ileile. Mwaka 1968 Chisso inaacha kutengeneza asetaldehidi kwa njia ile, na baadaye mwaka huohuo serikali inakiri chanzo. Mwaka 1970 Hosokawa anatoa ushahidi kuhusu paka nambari 400 akiwa kitandani hospitali, anafariki mwaka huohuo, na Machi 1973 mahakama inawapa wagonjwa ushindi. Swali: ushahidi wa 1970 unafuta ukimya wa 1959? Na watu wa Niigata tuwaweke wapi?

Kisa hiki kina faida ambayo kadi za kubuni hazina: Hosokawa si shetani wala malaika. Hospitali yake ndiyo iliyotoa taarifa ya kwanza, na yeye ndiye aliyenyamaza. Vikundi haviwezi kummaliza kwa sentensi moja.

Kosa la kawaida la njia hii ni ushujaa wa bei nafuu. "Mimi ningesema tu." Ndiyo maana swali la tatu linadai hatua na gharama zake. Anayesema "ningekwenda kwa waandishi" aeleze: na karatasi gani mkononi, zenye saini ya nani? Kosa jingine ni msemaji mmoja kumeza kikundi. Mwandishi na msomaji wabadilishwe kila karatasi inapokunjuliwa, bila kujadiliana nani anafuata. Na mara chache atatokea aliyeusoma mwisho mtandaoni. Mpe kazi ya kutunza muda.

Kwa jicho moja

| | Mdahalo | Baraza | Kisa |
|---|---|---|---|
| Muda | Kipindi 1 | Vipindi 2 mfululizo | Kipindi 1 |
| Karatasi kwa watu 60 | 2 za ukweli na vipande vya kura | Kadi 8, nakala 7 kila moja | 12 |
| Wanaosema | 14 | Nusu hivi | Wote |
| Mwalimu anaandaa | Mada na karatasi ya ukweli | Kadi (jioni mbili nzima) | Karatasi moja, hutumika miaka |
| Huharibiwa na | Takwimu za kubuni | Vichekesho | Ushujaa wa mdomoni |
| Hujenga | Ujasiri wa kusema | Kuona masilahi ya wengine | Kupima ushahidi na wajibu wa mtu mmoja |

Mada ndiyo ichague njia. Kama swali ni ndiyo au hapana na sayansi yake imeshatulia kiasi cha watu kugombania sera tu, mdahalo unatosha. Kenya ilipiga marufuku uingizaji wa vyakula vya GMO, yaani vilivyobadilishwa vinasaba, mwaka 2012, na serikali ikatangaza kuondoa marufuku hiyo Oktoba 2022. Hapo pande mbili zipo tayari, huhitaji kuzitunga. Kama swali ni "nani anabeba mzigo, nani anapata faida", nenda kwenye baraza: usajili wa alama za vidole, mnara wa simu karibu na shule, dampo la betri chakavu. Na kama swali ni "mtu huyu alijua, alipaswa kufanya nini", ni kisa. Kwa fizikia kuna mwanafizikia Joseph Rotblat, aliyeondoka kwenye mradi wa Marekani wa bomu la atomu mwishoni mwa 1944 alipoona Ujerumani haina bomu la kuogopwa, huku wenzake wakibaki. Kwa wasomaji wa Kongo kisa hicho kina mlango wa nyumbani: sehemu kubwa ya urani ya mradi ule ilitoka Shinkolobwe, Katanga.

Lugha nayo ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Pale ambapo sayansi inafundishwa kwa Kiingereza, mjadala wa maadili ukifanywa kwa Kiingereza tu unakuwa mtihani wa Kiingereza. Wanaozungumza ni walewale wanne. Vikundi vijadiliane kwa Kiswahili, na ripoti ya mwisho peke yake iandikwe kwa lugha ya mtihani. Hoja hukomaa kwanza, tafsiri hufuata.

Kuhusu alama, usitoe kwa msimamo. Mwishoni kila mmoja aandike sentensi tatu: uamuzi wangu, hoja nzito kuliko zote ya wanaonipinga, na taarifa ipi ningeipata ingenibadilisha. Sentensi ya pili ndiyo yenye alama nyingi. Anayeandika hoja dhaifu ya mpinzani ili aishinde kirahisi, mrudishie.

Na usilete zebaki darasani kuionyesha, hata tone. Kipimajoto cha zamani kikipasuka maabara, watoe wanafunzi, fungua madirisha, usifagie kwa ufagio kwa sababu unaitawanya. Matone yakusanywe kwa vipande viwili vya karatasi ngumu na kufungiwa kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana. Video ya mchenjuaji akichoma donge inatosha, mradi ukaisimamishe pale moshi mweupe wa kuni unapoonekana na kuwauliza: zebaki iko wapi kwenye picha hii?